Mashine ya nyasi Rusizi: pima mteremko kabla ya kupiga hesabu ya faida

RUSIZI

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, nyasi za Rusizi hukatwa kwa panga, fyekeo na jasho. Siku nyingine za mwezi kazi hiyo hiyo ni kibarua cha watu. Hoteli za kando ya Ziwa Kivu, shule, makanisa na viwanja vya mpira vyote vina nyasi, na mvua ya huku haiziachi zipumzike. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho pekee kinachozipunguza kasi. Ng'ambo ya mto, Bukavu, hali haina tofauti.

Kwa mfanyabiashara anayevuka Rusizi ya Kwanza au Rusizi ya Pili, hapo pana harufu ya biashara: kuleta mashine kubwa ya kukalia, kuikodisha pande zote mbili za mpaka, au kuiuza. Inayotamanisha zaidi ni ile inayogeuka papo hapo, ambayo kwenye makaratasi ya wauzaji huandikwa zero-turn. Lakini fedha zinazoingia humo si za mzigo wa nyanya. Huko Marekani, ya nyumbani huanzia karibu dola 3,000, na ya kazi nzito hupita dola 10,000, kabla ya meli, lori na ushuru. Anayekosea hapa hupoteza mtaji wa miaka.

Mtoto wa nchi tambarare

Mashine hii haina usukani. Dereva hukaa akishika fimbo mbili, na kila fimbo huongoza gurudumu moja la nyuma kupitia pampu yake ya haidroliki. Akisukuma zote mbili mbele, inakwenda. Akirudisha zote katikati, inasimama. Akisukuma moja na kuvuta nyingine, inazunguka palepale ilipo, kama sufuria juu ya meza. Magurudumu madogo ya mbele hayaongozwi na kitu, yanafuata tu.

Mmarekani Max Swisher wa Warrensburg, jimbo la Missouri, alitengeneza mashine ya namna hii mwaka 1949. Katika miaka ya 1960 John Regier, wa jimbo la Kansas, akaikuza zaidi. Kansas ni nchi ya tambarare za ngano. Mashine ilizaliwa huko, na tabia ya huko imebaki nayo.

Rusizi ni nchi ya vilima, na hapo ndipo penye hatari. Kwenye gari, tairi zikiteleza, dereva bado ana usukani na breki. Kwenye mashine hii, magurudumu mawili ya nyuma ndiyo injini, ndiyo usukani, ndiyo breki. Yakiteleza kwenye mteremko, dereva amepoteza vyote vitatu kwa mara moja, na mashine hushuka inakotaka yenyewe. Bustani nyingi za kando ya Kivu huishia kwenye ukuta wa mawe au majini. Mashine ya kilo mia kadhaa ikipinduka hapo, mtu aliyekaa juu yake anaweza kufa.

Vitabu vingi vya watengenezaji huweka mpaka wa nyuzi 15. Kupima hakuhitaji chombo cha bei. Chukua ubao wa mita moja na pima maji ya fundi mwashi. Weka ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu wa mteremko, nyanyua ncha ya chini mpaka ubao ulale sawa, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na ardhi. Ikifika sentimita 27, hizo ni nyuzi 15: mashine isipande. Nyasi zikiwa na umande au mvua, hata mteremko mdogo zaidi ni wa kuogopa. Chuma cha kinga nyuma ya kiti kisimamishwe na mkanda wa kiti ufungwe. Kimoja bila kingine hakimsaidii dereva.

Inapolipa

Haina maana kwamba mashine haina kazi wilayani. Ukishuka bonde la Bugarama, kwenye mashamba ya mpunga, ardhi inalala. Viwanja vya mpira na nyua pana za taasisi ndiko nyumbani kwake. Hesabu yake iko wazi: mashine yenye upana wa kukata wa sentimita 107, ikienda kilomita 8 kwa saa, na kuacha muda wa kugeuka na kupishanisha mistari, hukata karibu theluthi mbili ya hekta kwa saa moja. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 hukaribia robo tatu ya hekta. Ni kazi ya saa moja na dakika chache.

Gharama ya saa hiyo nayo ihesabiwe kwa ukweli. Mashine ikifika Kamembe kwa jumla ya dola 6,000 na ikafanya kazi saa 1,000, kila saa imekula dola 6 kabla ya petroli, na injini kubwa yaweza kunywa lita 4 hadi 6 kwa saa. Ongeza mafuta ya injini yanayobadilishwa kila saa 50 hadi 100, visu vya kunolewa kila baada ya saa 25 hivi, mikanda na machujio. Asiye na wateja wa kumpa saa hizo, mashine ya begani yenye injini ndogo inamtosha, nayo hupanda kilima bila shida.

Kuna jambo jingine wanalolisahau wengi: mwinuko. Kamembe iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, hivyo huku inapungukiwa na kama asilimia 15, na huenda ikahitaji kabureta irekebishwe. Iliyojaribiwa Dar es Salaam si ile ile itakayokata Kamembe.

Karatasi za mpakani

Wachuuzi wengi wamezoea utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye cheti cha asili cha bidhaa zisizozidi dola 2,000. Utaratibu huo ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Mashine iliyotengenezwa Marekani au China haipati asili hiyo kwa sababu tu imenunuliwa Kigali. Kwenye orodha ya forodha, mashine za kukata nyasi ziko chini ya namba 8433. Ushuru uulizwe kwa namba hiyo kabla ya kulipa muuzaji, si mzigo ukishafika.

Anayetaka kuvuka nayo kwenda kufanya kazi Bukavu na kurudi jioni naye asiende mikono mitupu. Namba ya fremu na namba ya injini ziandikwe kwenye karatasi ya kutoka, na upande wa pili aombe ingizo la muda. Bila hivyo, mashine yake yenyewe inaweza kuhesabiwa bidhaa mpya wakati wa kurudi.

Na kabla ya yote, vipuri. Kisu kikikatika au mkanda ukiisha, mwenye mashine asiye na akiba atasubiri wiki nyingi huku mteja akimrudia mtu wa fyekeo. Mwenye akili huagiza mashine pamoja na seti mbili za visu na mikanda, na humtafuta fundi kabla ya dereva.

Mtu wa fyekeo naye asiondolewe. Mashine haifiki kwenye kona, mifereji, mizizi ya miti wala ngazi za vilima, na katika Rusizi hizo ndizo sehemu nyingi. Mwenye mashine atakayemlipa vizuri mtu huyo, kila mmoja akabaki kwenye mteremko unaomfaa, ndiye atakayemaliza kazi nzima na kuitwa tena.