Sanaa ya takataka inavyoweza kuutetea Mto Simiyu

SANAA inayochanganya rangi, nguo, karatasi na takataka katika kazi moja ni miongoni mwa njia za kuuonyesha uchafuzi wa mazingira kwa macho, badala ya kuusimulia kwa takwimu pekee.

Kwa wakazi wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, jambo hilo lina uzito wake. Mkoa huo ni maarufu kwa kilimo cha pamba, na Mto Simiyu humwaga maji yake katika Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Mvua inaponyesha, udongo uliomomonyoka, mabaki ya mbolea na viuatilifu, pamoja na plastiki za mitaani, huelekea huko huko.

Mfano wa kuigwa ni Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu, nchini Kenya, na fundi Ali Skanda na wenzake kwa takribani tani 10 za plastiki, kisha likafunikwa kwa ndala chakavu zipatazo 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, na mwaka 2021 likapita Ziwa Victoria. Nguvu yake ni kwamba mtazamaji huitambua ndala aliyowahi kuitupa mwenyewe.

Msanii wa Bariadi naye aweza kutandaza gunia kuukuu, akalipaka udongo wa mtoni uliochanganywa na gundi, kisha akapanga vifuniko vya chupa vilivyooshwa na kukaushwa. Vitu vizito hushonwa kwa uzi au waya, kwani gundi pekee huachia.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima. Makopo na chupa za viuatilifu visitumike hata vikioshwa, kwa kuwa sumu hubaki ndani. Ni salama zaidi kuvichora. Plastiki nayo isichomwe ili kuipinda, maana moshi wake hudhuru mapafu.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019, lakini chupa za plastiki hazikuguswa na katazo hilo. Sanaa haitausafisha mto, wala haichukui nafasi ya sheria na gari la taka. Inachoweza ni kumfanya mtupaji aone mahali chupa yake inakoishia: katika maji yanayotoa samaki wa kitoweo chake.