Dumu lisilo na jina: Hatari ya kemikali za sabuni kutoka mpakani hadi Jinja na Mbale

JINJA, Uganda

Ni dumu la plastiki la lita 20. Halina jina wala alama, na ndani yake kuna kitu kizito cha rangi ya kahawia. Mjini Jinja, penye mashamba ya miwa ya Kakira kando ya barabara ya kwenda Iganga, wengi wakiliona watasema ni molasi. Mtengeneza sabuni atasema ni asidi ya salfoniki. Dumu la pili lina rojo jeupe linalovutika kama asali. Hilo ni ungerol.

Anayekosea kulitambua dumu huweza kulipa kwa jicho au koo lake. Hata hivyo, ndivyo kemikali hizi zinavyofika mara nyingi kwa mnunuzi wa mwisho: zimemiminwa kutoka kwenye pipa kubwa, zikatiwa katika chombo chochote kilichopatikana, na maelezo yote yakabaki kichwani mwa muuzaji.

Biashara ya sabuni ya maji ni riziki ya familia nyingi mashariki mwa Uganda. Janga la UVIKO-19 lilipoingia mwaka 2020 na kila mlango ukawekewa ndoo ya kunawia, mahitaji yalipanda, na vikundi vya akina mama na vijana vikajifunza kuchanganya sabuni nyumbani. Malighafi huja kwa njia mbili zinazojulikana na kila mfanyabiashara wa mpakani: Busia kupitia Bugiri na Iganga hadi Jinja, na Malaba kupitia Tororo hadi Mbale.

Ungerol ni nini hasa

Ungerol ni jina la kibiashara lililozoeleka Kenya na Uganda. Watanzania wengi huiita slesi, kutokana na herufi SLES zinazoandikwa kwenye pipa. Kazi yake ni kushikanisha mafuta na maji ili uchafu wa mafuta uondoke kwenye sahani au nguo, na ndiyo inayoleta povu. Hutumika pia katika shampuu na sabuni za kuogea.

Kwa sababu hiyo wengi huiona kama kitu kisicho na madhara. Lakini kilichomo kwenye shampuu ni kidogo na kimeyeyushwa. Kilichomo kwenye pipa ni takriban asilimia 70 ya kemikali yenyewe. Kwa nguvu hiyo huwasha ngozi, huikausha na kuipasua kwa anayeishika kila siku bila glovu, na ikiingia jichoni huweza kulidhuru vibaya.

Ungerol haisafiri peke yake. Mzigo wa mtengeneza sabuni huwa na asidi ya salfoniki, kostiki soda, magadi, chumvi, rangi na manukato. Hatari kubwa huanza vitu hivi vinapowekwa pamoja bila mpango.

Ghala: nani akae na nani

Kanuni ya kwanza ya ghala ni kutenganisha. Asidi ya salfoniki isikae karibu na kostiki soda, kwani zikikutana huchemka na kurusha matone yanayounguza. Isikae karibu na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, kwa kuwa asidi ikigusana na dawa hiyo hutoa hewa ya sumu inayobana kifua. Ungerol nayo iwe mbali na asidi, maana asidi huivunjavunja na kuiharibu.

Kostiki soda ifungwe isipate unyevu, na isiwekwe wala kukorogwa kwenye sufuria ya alumini. Huila alumini, na hewa inayotoka hapo hushika moto. Ndoo ya plastiki ngumu na mwiko wa mbao vinatosha.

Pipa la ungerol likishafunguliwa lifunikwe vizuri, la sivyo uso wake hukauka na kufanya utando. Liwe kivulini, mbali na bati linalochomwa na jua. Mbale, chini ya Mlima Elgon, asubuhi za baridi huifanya iwe ngumu kuchoteka. Dawa yake si kuliwashia pipa moto. Moto huunguza sehemu moja na kuharibu mali, na pipa lililofungwa likipashwa moto huweza kupasuka. Liache lipate joto la mchana, au chota kiasi unachohitaji kwenye ndoo na uiweke ndoo hiyo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu.

Mafuriko ya Mbale yalitoa somo jingine. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito ikiwemo Nabuyonga na Namatala ilifurika na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Aliye na stoo karibu na mito hiyo hana sababu ya kuweka kostiki soda sakafuni. Mzigo uwe juu ya paleti au rafu imara, huku vimiminika vikiwa rafu ya chini na vikavu juu yake, ili dumu likivuja lisimwagikie mfuko.

Maji kwanza, kemikali baadaye

Kwenye kuchanganya, kanuni moja inaokoa wengi: maji hutangulia, kemikali hufuata. Kostiki soda hutiwa ndani ya maji kidogo kidogo, na asidi vivyo hivyo. Anayemwaga maji juu yake hukaribisha mchemko usoni mwake.

Ungerol ina tabia yake ya kipekee. Ukiiongezea maji kidogo haiwi nyepesi. Hukaza kwanza, ikawa kama jeli ngumu, kisha hulainika maji yanapozidi. Ndiyo maana wazoefu huikoroga taratibu na kwa uvumilivu.

Tabia hiyo ni msaada pia kwa mnunuzi. Ungerol iliyokwisha kuongezwa maji na kukazwa kwa chumvi ili ionekane nzima, ukiitia maji kidogo huelekea kuwa nyepesi moja kwa moja. Hiyo ni dalili tu na haichukui nafasi ya kipimo cha maabara, lakini inatosha kumfanya mtu aulize maswali kabla ya kulipa. Ungerol iliyoyeyushwa sana bila kihifadhi pia huweza kuota vijidudu na kunuka, kwa hiyo yeyusha unayoitumia tu.

Ikimwagika

Ungerol ikimwagika sakafuni huteleza kuliko mafuta. Kosa la kawaida ni kukimbilia ndoo ya maji, na matokeo yake ni povu lisiloisha. Mwaga mchanga au vumbi la mbao, zoa kwa koleo, kisha suuza kidogo. Kwa asidi tumia mchanga mkavu.

Usiisukumie mfereji. Jinja ipo pale Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria, na wavuvi wa Masese wanaishi kwa maji hayo. Mifereji ya Mbale huelekea Nabuyonga na kinamasi cha Namatala, wanakolima mpunga. Kemikali hii ikiwa nyingi hudhuru matamvua ya samaki.

Mpakani na njiani

Mfanyabiashara anayenunua Nairobi na kuvusha kupitia kituo cha pamoja cha Busia au Malaba adai vitu vitatu kwa muuzaji: ankara, lebo yenye jina la kemikali na namba ya toleo, na karatasi ya usalama ya bidhaa. Karatasi hiyo ina sehemu 16. Sehemu ya nne hueleza huduma ya kwanza, ya saba kushika na kuhifadhi, na ya nane vifaa vya kujikinga.

Utaratibu rahisi wa forodha kwa mzigo usiozidi dola 2,000 unahusu bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kemikali iliyotoka nje ya Jumuiya na kufungwa upya Nairobi haipati asili mpya kwa kubadilishiwa dumu. Ni vyema kuuliza dawati la biashara mpakani kabla ya kupakia. Kuificha chini ya mahindi ni kumtia hatarini ofisa atakayefungua na mlaji atakayenunua mahindi hayo.

Kemikali isipakiwe pamoja na unga, sukari au samaki, wala chini ya kiti cha abiria. Na anayegawa rejareja asitumie kamwe chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hasomi lebo, huona chupa anayoijua. Kipande cha karatasi kilichogandishwa kwa gundi ya uwazi, chenye jina, tarehe na neno SUMU kwa Kiswahili na kwa lugha ya mtaa, gharama yake ni ndogo mno.

Glovu za mpira, miwani ya kujikinga, aproni na gamboti ni vifaa vya kazi. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga.

Kemikali ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15 huku kope zikiwa wazi, ndipo uende hospitali. Jinja na Mbale zote zina hospitali za rufaa za mkoa. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwani kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda, na povu huweza kuingia mapafuni. Asukutue mdomo, apelekwe haraka, na dumu au lebo yake iende naye.

Daktari atauliza swali moja kabla ya yote: amekunywa nini? Dumu lisilo na jina halina la kumjibu.