Kwa nini tahajia ya jina la Kigaeli huwaumiza wazazi vichwa

WAKENYA wengi wamebeba majina ya Kigaeli bila kujua. Kevin, Brian, Sheila, Maureen, Eileen, Duncan na Ian ni majina yanayoitwa kila asubuhi madarasani kuanzia Kisumu hadi Mombasa, na aghalabu wenyewe huyachukulia kuwa ya Kiingereza.

Ukweli ni kwamba majina hayo yalipitia lugha za Kigaeli za Ireland na Scotland, yakavishwa tahajia ya Kiingereza, kisha yakasambaa duniani pamoja na wahamiaji, wamishonari na maafisa wa kikoloni. Huko yalikotoka, Kevin huandikwa Caoimhín, Sheila ni Síle, Maureen ni Máirín, Eileen ni Eibhlín, naye Duncan ni Donnchadh.

Kwa mzazi wa Dublin, Galway au Inverness anayetaka kumpa mwanawe jina la asili, kulichagua jina lenyewe ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua litaandikwaje. Uamuzi huo utaingia katika cheti cha kuzaliwa, nao utaamua ni nani atakayeweza kulisoma jina la mtoto na ni nani atakayelazimika kuuliza.

Chukua mfano wa malkia wa Connacht anayesimuliwa katika utendi wa kale wa Ireland, Táin Bó Cúailnge. Katika miswada ya kale jina lake huandikwa Medb. Baadaye likawa Meadhbh. Baada ya tahajia kurahisishwa katika karne ya 20, likawa Méabh. Waandishi wa Kiingereza nao hupendelea Maeve. Maumbo yote manne hurejelea jina lile lile, na matamshi yaliyozoeleka leo ni "Meiv". Mzazi hana budi kuchagua moja.

Herufi chache, sauti nyingi

Mtu anayekutana na Kigaeli kwa mara ya kwanza hudhani tahajia yake haina utaratibu. Dhana hiyo ni potofu. Kigaeli kina kanuni zake imara, ila si kanuni za Kiingereza.

Alfabeti ya jadi ya Ireland ina herufi 18 pekee. Haina J, K, Q, V, W, X, Y wala Z. Sauti ya "v", kwa hiyo, hupatikana kwa kuiambatisha "h" na "b" au "m". Ndiyo sababu Siobhán hutamkwa "Shivon" na Niamh hutamkwa "Niiv".

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kushangaa, kwani lugha yake pia huitumia "h" kubadilisha sauti katika dh, gh, sh na th. Isitoshe, sauti ya "gh" katika neno ghali inasikika Ireland pia. Msichana aitwaye Gráinne anapoitwa, watu husema "a Ghráinne", na sauti inayoanza jina lake wakati huo ni ile ile ya ghali.

Kanuni ya pili inahusu irabu. Kigaeli huzigawa katika makundi mawili: nyembamba, yaani "e" na "i", na nene, yaani "a", "o" na "u". Konsonanti iliyo kando ya irabu nyembamba hutamkwa tofauti na iliyo kando ya irabu nene. Herufi "s" ikiwa jirani na "e" au "i" huwa "sh", na hapo ndipo Seán anapokuwa "Shon" na Oisín akawa "Oshiin". Baadhi ya irabu katika majina haya huwa hazitamkwi kabisa. Kazi yake ni kumwelekeza msomaji namna ya kuitamka konsonanti iliyo jirani.

Mashabiki wa riadha nchini Kenya wamelizoea jina mojawapo la aina hii. Ndugu Colm O'Connell, mmishonari kutoka Ireland, aliwasili Iten mwaka wa 1976 kufundisha katika Shule ya Upili ya St Patrick's, na baadaye akawanoa mabingwa kama vile David Rudisha. Colm maana yake ni njiwa. Huandikwa kwa irabu moja lakini husikika kama "Kolam", kwa kuwa Kigaeli hupachika irabu fupi kati ya "l" na "m".

Urefu wa baadhi ya majina una chanzo kingine. Katika hati za jadi, konsonanti iliyolainishwa iliwekewa nukta juu yake. Sadhbh, jina la kike linalosikika kama "Saiv", liliandikwa kwa herufi nne, mbili kati yazo zikiwa na nukta. Hati za Kirumi zilipotawala katikati ya karne ya 20, kila nukta iligeuzwa kuwa "h", na jina lile lile likawa na herufi sita.

Majina yaliyofutwa vitabuni

Kwa karne nyingi, mzazi wa Kigaeli hakuwa na nafasi ya kuchagua tahajia. Shule za kitaifa zilizoanzishwa Ireland mwaka wa 1831 zilifundisha kwa Kiingereza. Njaa kuu iliyoanza mwaka wa 1845 iliua takriban watu milioni moja na kuwatorosha wengine wengi ng'ambo, na pigo kubwa zaidi liliziangukia wilaya za magharibi ambako Kigaeli kilizungumzwa.

Usajili wa kiserikali wa kila mtoto anayezaliwa ulipoanza mwaka wa 1864, majina yalinakiliwa kwa Kiingereza. Mengi hayakutafsiriwa, kwa kuwa hayakuwa na tafsiri. Yalibadilishwa tu kwa majina ya Kiingereza au ya Biblia yaliyodhaniwa kukaribiana nayo. Tadhg akaandikwa Timothy, Diarmaid akawa Jeremiah, Sadhbh akawa Sarah au Sally, naye Gobnait akawa Abigail. Mtu angeweza kuitwa jina moja na mamaye jikoni, na jingine kabisa na karani.

Mwamko wa kukihuisha Kigaeli ulishika kasi baada ya Conradh na Gaeilge, jumuiya ya kuitetea lugha hiyo, kuasisiwa mwaka wa 1893. Muda si muda, suala la majina likafika mahakamani. Sheria ilimtaka mwenye mkokoteni aandike jina lake juu yake kwa herufi zinazosomeka. Mkulima wa Donegal, Niall Mac Giolla Bhríde, aliliandika lake kwa Kigaeli, akatozwa faini.

Rufaa yake ilisikizwa Dublin mwaka wa 1905. Wakili mmojawapo aliyemtetea alikuwa Patrick Pearse, ambaye mwaka wa 1916 alipigwa risasi kwa kuongoza maasi dhidi ya utawala wa Uingereza. Mkulima huyo alishindwa kesi. Hoja iliyobaki ni nzito hadi leo: jina likisemekana halisomeki, halisomeki kwa nani?

Nchini Ireland Kaskazini swali hilo lina uzito wa ziada. Huko, jina lililoandikwa kwa Kigaeli huweza kumtambulisha mtu kuwa wa jamii ya Wakatoliki kabla hajafungua kinywa. Sheria ya kukitambua Kigaeli kuwa lugha rasmi katika eneo hilo ilipitishwa mwaka wa 2022 pekee, baada ya mvutano wa miaka mingi.

Kistari kinachobadili maana

Kando na herufi, kuna suala la fada, yaani kistari cha mshazari kinachowekwa juu ya irabu kuonyesha kwamba ni ndefu. Wasiokijua hukiona kuwa pambo. Hata hivyo, Seán ni jina la mtu, ilhali "sean" bila kistari ni neno lenye maana ya kuukuu au zee.

Mkenya aitwaye Ng'ang'a, Ng'eno au Lang'at anaielewa adha hii barabara. Ritifaa ikiondolewa, sauti hubadilika, kama vile ng'oa na ngoa yasivyo neno moja. Fomu na mifumo ya kompyuta isiyoitambua alama hiyo humwandika mtu jina ambalo si lake.

Ireland ilipitisha sheria mwaka wa 2021 inayozitaka taasisi za umma ziyatumie majina ya Kigaeli ipasavyo, fada ikiwemo. Lakini sheria hiyo haivuki mipaka. Mistari ya pasipoti inayosomwa na mashine hukubali herufi A hadi Z bila alama yoyote, na tiketi nyingi za ndege hufuata mkondo huo huo.

Scotland ina kanuni zake. Kistari cha huko huelekea upande wa pili, kama ilivyokubaliwa katika mwongozo wa tahajia wa mwaka wa 1981. Kwa hiyo, Máire wa Ireland ni Màiri wa Scotland. Mzazi anayechanganya mitindo hiyo miwili huishia na jina lisilofuata lugha yoyote kati ya hizo.

Sauti ya kuita nayo imezaa majina mapya. Mtu aitwaye Seumas huitwa kwa kusema "a Sheumais", ambapo "sh" husikika kama "h". Wasemaji wa Kiingereza waliusikia mwito huo wakadhani ndilo jina lenyewe, wakaliandika Hamish. Vivyo hivyo, Mhairi, linalosomwa "Vari", ni Màiri katika umbo la kuitwa.

Njia tatu mbele ya mzazi

Kwa ujumla, mzazi ana njia tatu. Ya kwanza ni tahajia ya kale, kama Meadhbh. Hii humuunganisha mtoto na vitabu na makaburi ya mababu, ila humtwika mzigo wa kuelezea jina lake maishani.

Ya pili ni tahajia sanifu, kama Méabh. Ni fupi, hufundishwa shuleni, na huendelea kuwa ya Kigaeli. Hata hivyo, wazazi hawaifuati kila mara. Fiadh, jina lililoongoza kwa wasichana waliosajiliwa Ireland mwaka wa 2021, linatokana na neno ambalo kwa usanifu wa leo huandikwa fia. Ajabu ni kwamba jina lenyewe ni jipya, lakini limevaa vazi la kale.

Ya tatu ni kuliandika kwa kufuata masikio ya Kiingereza, kama Maeve au Keeva. Mwalimu wa Chicago au Nairobi atalisoma bila shida. Gharama yake haionekani upesi. Jina Caoimhe hutamkwa "Kwiiva" kaskazini mwa Ireland na "Kiiva" kusini. Tahajia ya Kigaeli huwahifadhi wote chini ya paa moja, ilhali Keeva huwafungia nje watu wa kaskazini.

Tena, sauti yenyewe inaweza kupotea. Caitlín, ambalo kwa Kigaeli hutamkwa kwa kukaribia "Katliin", lilisomwa na wageni kwa kanuni za Kiingereza likawa "Keitlin". Matamshi hayo mapya ndiyo yaliyozaa Kaitlyn na Katelyn, majina ambayo hayafuati tena tahajia wala sauti ya Kigaeli.

Mzazi wa Ireland ana miezi mitatu ya kumsajili mtoto, wa Ireland Kaskazini ana siku 42 na wa Scotland ana siku 21. Katika kipindi hicho ni busara kulitamka jina kwa sauti, kuliandika kwa mkono, kumuuliza mzungumzaji wa lugha yenyewe iwapo limefuata kanuni, na kuhakikisha kwamba kila kistari kimo kwenye fomu kabla ya kutia sahihi. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Karani akiacha kistari siku ya usajili, atakayehangaika kukirejesha ni mtoto.