Tuoshe Magurudumu Nyumbani, Siyo Ziwani

Hapa Kisesa tuko kandokando ya barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma. Magari, pikipiki na baiskeli ni nyingi. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbugani hunata kwenye magurudumu kama ugali kwenye mwiko. Ni lazima vyombo hivi vioshwe. Lakini vioshwe wapi, na vipi?

Wako wenzetu wanaovipeleka Ziwa Victoria. Huingiza gari majini, nao huingia kuliosha. Jambo hili lina hasara tatu.

Kwanza, kichocho. Minyoo ya ugonjwa huu, ikiwa bado midogo sana, hutoka katika konokono wa majini na kumwingia mtu kupitia ngozi. Si lazima uyanywe maji hayo. Kusimama ndani yake kunatosha.

Pili, uchafu. Gurudumu lina grisi, oili na vumbi la breki. Vyote hubaki ziwani, na maji ya ziwa hilo hilo ndiyo watu wanayochota.

Tatu, sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto.

Basi tuoshe nyumbani. Tufuate hatua hizi:

1. Chombo kipoe kwanza. Kikitoka safari, breki na rimu huwa za moto. Maji baridi ya ghafla huweza kupinda chuma.

2. Tukiweke penye majani, mbali na kisima. Tuandae ndoo mbili na matambara mawili. Ndoo moja na tambara moja ni vya magurudumu tu. Tambara la magurudumu lina mchanga. Ukifutia bodi, hukwaruza rangi.

3. Tuanze na magurudumu. Ukianza na bodi, tope la magurudumu litairukia na kuichafua tena. Hapo utatumia maji mara mbili, na maji yenyewe yamebebwa kichwani!

4. Tukwangue tope kwa kijiti, tumwage maji, kisha tusugue kwa brashi na sabuni. Tusisahau upande wa ndani wa gurudumu. Mwisho tusuuze.

Wengine hupaka tairi dizeli au oili chafu ili ling'ae. Hiyo siyo kazi nzuri. Mafuta hulainisha mpira na kuuharibu. Kwenye pikipiki ni hatari zaidi, maana tairi lenye mafuta huteleza kwenye kona.

Ndugu wasomaji, kuosha gurudumu ni kulikagua pia. Tope huficha mengi. Likishatoka, tutazame: Je, kuna msumari au mwiba? Kuna ufa au uvimbe ubavuni mwa tairi? Kuna nati iliyolegea? Kwa baiskeli, kuna spoki iliyokatika?

Halafu tupime meno ya tairi. Chukua njiti ya kiberiti, uilaze ndani ya mfereji ulio kati ya meno. Unene wa njiti ni karibu milimita 2. Huko Ulaya, sheria hukataza gari dogo kutembea na tairi lenye mifereji ya kina kisichofika milimita 1.6. Kwa hiyo njiti ikichomoza juu ya meno, tairi limekaribia kuwa kipara. Tujiandae kulibadilisha.

Kwa nini? Barabara ikilowa, mifereji hiyo ndiyo inayopitisha maji. Isipokuwepo, tairi huelea juu ya maji. Dereva atakanyaga breki, lakini gari halitasimama. Ndani ya gari hilo wamo watoto wetu, na kando ya barabara wako wazee wetu wanaotembea kwa miguu.

Tukimaliza kuosha, tusiondoke kwa mwendo mkali. Breki zilizolowa hazishiki vizuri. Tuende polepole kwanza, tukishika breki mara mbili tatu mpaka zikauke.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Hapa kijijini kwetu magari na pikipiki huoshwa wapi?

2. Maji machafu ya kuoshea huishia wapi?

3. Tairi za chombo chako ulizikagua lini?