Mugumu: Ugali unaogombanisha majirani

Kutoa, makanisa yetu yanakujua. Jumapili ya mavuno madebe ya mahindi hupangwa mbele ya madhabahu, kuku wakafungwa miguu, ibada ikiisha mnada unaanza. Mjane akipewa blanketi kijiji kizima hushukuru, na hakuna wa kununa.

Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, kuna msaada wa namna nyingine, ambao mtoaji wake hujipatia adui siku hiyohiyo. Ni kumfungulia mlango binti aliyetoroka kwao mwezi wa Desemba ili asikeketwe.

Binti huyo hafiki na sanduku. Mara nyingi ana gauni alilovaa na kandambili, pengine hata hizo hana, na ametembea usiku. Anahitaji maji ya kuoga, chakula, pedi, mahali pa kulala na mlango wenye kufuli. Mahubiri yanaweza kusubiri asubuhi.

Mwaka 2014 Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara, lilifungua nyumba salama hapa mjini kwa ajili ya wasichana kama hao. Aliyeisimamia ni Rhobi Samwelly, mama wa Kikurya ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana na kunusurika kufa kwa kutokwa damu, jambo ambalo amelisimulia hadharani mara nyingi. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women Tanzania, ambalo lina nyumba salama Mugumu na nyingine wilayani Butiama. Upande wa Tarime, kituo cha Masanga kilicho chini ya Kanisa Katoliki nacho hupokea wasichana msimu unapofika.

Msimu hutangazwa na wazee wa mila, koo kwa koo, mara nyingi katika miaka inayogawanyika kwa mbili, shule zikiwa zimefungwa. Ngariba hulipwa, na wazee hupata sehemu yao. Binti akishakeketwa huhesabiwa mtu mzima, na ng'ombe wa mahari huanza kutajwa. Asiyekeketwa huitwa msagane, na tusi hilo humfuata kisimani na sokoni. Kwa hiyo anayempa binti huyu sahani ya ugali anaingilia zizi la mtu. Na mtu huyo, tusidanganyane, huenda Jumapili hukaa kiti cha mbele. Desemba hiyohiyo ya shangwe za tohara ndiyo ya kwaya za Krismasi. Waliokusanyika kwenye sherehe moja ndio watakaokusanyika kwenye nyingine.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ukarimu wa Kikristo unapopimwa Mara. Kumsaidia aliyeunguliwa nyumba hakumlazimu mchungaji kumtazama mzee wa kanisa usoni. Kumhifadhi binti wa mzee huyo kunamlazimu.

Sheria iko upande wa mtoto. Tangu 1998 Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 169A, inamtia hatiani anayemkeketa, au kusababisha akeketwe, msichana wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Faini hiyo, nionavyo, ni mzaha kwa mwenye zizi. Hata hivyo mambo yanasogea: tafiti za kitaifa za afya ziliwakuta wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa mkoani Mara kuwa asilimia 32 mwaka 2015/16, na asilimia 28 mwaka 2022.

Msaada mwingine umetoka kwa watu wasioijua hata harufu ya vumbi la Mugumu. Binti akipiga simu kuomba kuokolewa, polisi walikuwa wakikwama, kwa sababu vijiji na njia nyingi havikuwamo kwenye ramani yoyote. Watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map, wengi wao wakiwa nje ya nchi, wamekuwa wakichora barabara na nyumba kutoka picha za setilaiti, na wenyeji wakijaza majina kwa simu zao. Mwenye pikipiki sasa anajua pa kukata kona.

Turudi jikoni, maana huko ndiko hesabu inakouma. Chukua mfano wa wasichana 100. Robo kilo ya unga kwa kila mmoja kwa mlo, milo miwili, ni kilo 50 kwa siku. Kwa wiki sita ni kilo 2,100, na hapo hujagusa maharage, mafuta, chumvi, kuni wala sabuni. Parokia ikileta gunia moja na mpiga picha, imefanya vizuri, ila imelisha siku mbili.

Yule Msamaria wa Injili ya Luka husifiwa kwa mafuta na divai aliyomimina kwenye majeraha. Wachache huhubiri kwamba alimlipa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa na kitakachozidi atakaporudi.

Kitakachozidi Mugumu huanza Januari. Wazazi huitwa, ofisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wakiwepo, na wanaokubali huandikishana kwamba binti hataguswa. Wengi hurudi nyumbani. Wapo ambao mlango wa kwao umefungwa. Hao hubaki, wengine wakirudi shule, wengine wakijifunza cherehani. Ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilifutwa 2016, lakini sare, madaftari na godoro la bweni bado ni mfuko wa mtu. Na waliorudi kwao lazima watembelewe, maana karatasi iliyosainiwa mbele ya polisi inaweza kusahaulika shangazi akija na maneno yake. Kutembelea kunataka petroli. Wafadhili wanapenda kununua vitanda, kwa kuwa kitanda huandikwa jina la aliyekitoa. Sijaona bado kikundi cha kanisa kikichangishana lita za petroli za mwezi Machi, na kwa sasa hicho ndicho ningeomba kitangazwe kwanza, kabla ya mitumba.