Ng'ombe wa Ukambani, mbuzi wa Wanavajo

Shamba la susu, nyanya yangu, liko kwenye mteremko huko Mumbuni, mwendo mfupi kutoka mjini Machakos. Ukisimama ng'ambo ya bonde unaliona limekatwa ngazi ngazi. Nilipopata nguvu za kushika jembe, susu alinifundisha kuzitunza ngazi zile. Unachimba mtaro unaokingama mteremko, na udongo unautupa upande wa juu, ingawa kuutupa chini ni rahisi zaidi. Ndiyo maana tunauita fanya juu. Kwenye tuta unapanda nyasi za nepia ili zishike udongo. Mvua ikinyesha, maji yanasimama, tope linatua nyuma ya tuta, na mwaka baada ya mwaka kipande kile kinajisawazisha chenyewe.

Leo naishi Arizona na kazi yangu ni kuwahudumia wazee. Mmoja wao alikuwa mama Mnavajo, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi hii. Jioni moja aliniuliza kwetu tunafuga nini. Nikamjibu, ng'ombe na mbuzi. Alinyamaza kidogo, kisha akanisimulia jinsi serikali ilivyowaua mbuzi wa mama yake, kabla yeye hajazaliwa, kwa madai kwamba mbuzi wanamaliza ardhi. Alisimulia kama mtu anayezungumzia jambo la juzi.

Nikamwambia, "Mama, na kwetu walikuja."

Nimeandika makala haya kueleza ni kwa vipi watu wawili, mmoja wa Arizona na mwingine wa Machakos, wakawa na kumbukumbu moja.

Hofu ya vumbi

Miaka ya 1930 Marekani ilishikwa na hofu ya kupoteza udongo. Kwenye nyanda za kati, wakulima walikuwa wameng'oa nyasi za asili ili wapande ngano, hasa bei yake ilipopanda wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ukame ulipoingia, udongo uliokosa mizizi ukapeperuka. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilitanda Oklahoma na Texas hata mchana ukageuka giza. Kabla mwezi huo haujaisha, Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria ya kuhifadhi udongo.

Wakulima wale, ambao wengi walikuwa wazungu, waliteseka kweli na maelfu walihama. Lakini serikali ilinunua ng'ombe wao waliodhoofishwa na ukame, na kuanzia 1936 ikawalipa waliokubali kuhifadhi udongo. Walihesabiwa kuwa watu waliopatwa na msiba.

Wanavajo, au Diné kama wanavyojiita wenyewe, walihesabiwa kuwa ndio msiba wenyewe. Mwaka 1933 mkuu wa idara ya mambo ya Wahindi Wekundu, John Collier, alianzisha mpango wa kupunguza mifugo yao. Wataalamu walihofia kwamba mchanga unaosombwa kutoka kwao ungejaza bwawa la Hoover, lililokuwa bado linajengwa. Kondoo na mbuzi walinunuliwa kwa bei duni, na wengine wakapigwa risasi wakaachwa waoze mabondeni. Sehemu kubwa ya mifugo ile ilikuwa mali ya wanawake, lakini baraza lililoombwa likubali mpango huo lilikuwa la wanaume.

Machakos, 1938

Hofu ile ilivuka bahari. Maofisa wa kikoloni nchini Kenya walizifuatilia habari za vumbi la Marekani, na mwaka 1937 ofisa wa kilimo Colin Maher aliandika ripoti kuhusu ardhi ya Machakos iliyowaonyesha Wakamba kama watu wanaojichimbia kaburi. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kupunguza ng'ombe. Mwaka uliofuata ng'ombe walianza kuchukuliwa kwa nguvu na kupigwa mnada kwa bei ya kutupa. Wakati huohuo kampuni ya nyama ya Liebig's ilikuwa inafungua kiwanda Athi River, na kiwanda kilihitaji ng'ombe.

Mtu wa Ngelani, vilimani karibu na kwetu, alisimama. Jina lake Muindi Mbingu, kiongozi wa Ukamba Members Association. Mwezi wa Julai 1938 maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, walitembea kwa miguu hadi Nairobi wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Walitaka kumwona Gavana Brooke-Popham. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Hata hivyo kabla mwaka haujaisha, amri ya kupunguza ng'ombe kwa nguvu ilikuwa imeondolewa. Serikali iliwategemea sana Wakamba katika jeshi na polisi, na haikutaka askari wake wasikie kilio cha nyumbani.

Nani alichora mpaka?

Udongo wa Machakos ulikuwa unamomonyoka kweli, na wazee wetu hawakulikana hilo. Uongo uko katika kile ambacho ripoti zilikipita haraka.

Vilima vya Mua, ambavyo mtu wa Ngelani anaviona akitoka mlangoni, vilikuwa vimegawiwa walowezi. Uwanda wa Yatta, kimbilio la mifugo wakati wa kiangazi, ulitangazwa kuwa ardhi ya Mfalme. Sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka hadi 999. Watu na ng'ombe wakabaki kwenye kipande kilichobaki, kisha wakaulizwa kwa nini wamebanana.

Kwa Diné ni vivyo hivyo. Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga kwa miguu mamia ya kilomita hadi kizuizini Bosque Redondo, na mkataba wa 1868 ukawarudishia sehemu tu ya nchi yao.

Fikra za wazungu wa Marekani na za walowezi wa Kenya kuhusu ardhi ziliwahi hata kukutana kwetu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais na aliyewahi kuandika vitabu vya kusifu kutekwa kwa magharibi ya Marekani, alishuka kwenye treni Kapiti, si mbali na Machakos. Alikaa na walowezi, akawinda, na akaandika kwamba nyanda hizi za juu ni nchi inayomfaa mzungu. Mtu akiamini kwamba ardhi ilikuwa tupu, haulizi ilitoka mikononi mwa nani.

Ardhi ilipopona

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti kuhusu Machakos kuanzia miaka ya 1930 hadi 1990. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 5, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa kila mtu yalikuwa na thamani kubwa zaidi.

Mitaro ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuichimba ilichukiwa. Iliyodumu ni ile watu waliyoichimba kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana ambavyo nguvu yake kubwa ni akina mama. Ilienea hasa pale mkulima alipokuwa na sababu ya kutoka jasho, kama kahawa, ambayo Wakamba hawakuruhusiwa kulima hadi miaka ya 1950, au soko la mboga Nairobi.

Tusijenge uongo mwingine juu ya huo wa kwanza. Watafiti wengine wameonyesha kwamba neema haikumfikia kila mtu. Familia yenye mshahara wa Nairobi iliweza kulipa vibarua na kununua ardhi, na isiyo nao ikauza.

Kwa nini hili ni letu

Nawaandikia hasa Wakenya wenzangu tulio huku. Kwenye harambee na hata baada ya ibada, nimesikia ndugu zetu wakisema Wamarekani weusi na wenyeji wa asili ni maskini kwa sababu hawajitumi kama sisi. Mwaka 2022 familia ya kawaida ya wazungu Marekani ilikuwa na mali ya takriban dola 285,000, na ya weusi takriban dola 45,000. Pengo hilo lilijengwa kwa sheria na ramani. Katika miaka ya 1930 hiyohiyo, mitaa ya weusi ilipakwa rangi nyekundu kwenye ramani za serikali kuwa haifai kukopeshewa nyumba. Anayesema ni uvivu anarudia maneno yaliyosemwa juu ya susu, naye alikuwa mtaroni kabla jua halijachomoza.

Mama yule wa Kinavajo aliniuliza tuliwezaje kuiponya ardhi. Nikamchorea fanya juu kwenye karatasi, mtaro, tuta, na mshale unaoonyesha udongo ukipanda juu. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na vile vilima, waliwarudishia?"

Nikamwambia ukweli. Wakati wa uhuru, Mua iligawanywa kwa mpango wa makazi. Mlowezi alilipwa bei ya shamba, na Mkamba aliyepewa kipande akapewa na deni lake.

Aliikunja karatasi akaiweka chini ya mto wake.