Meli Nyuma ya Mjomba

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Nanyala

Katika nyumba ya marehemu bibi yangu hapa Nanyala, juu ya mlango wa chumba cha wageni, ilitundikwa kwa miaka mingi picha ya mjomba wangu akiwa amesimama mbele ya meli. Meli hiyo ni nyeupe, ina madirisha mengi ya mviringo, na moshi wake umepinda kuelekea upande ambao mawimbi hayaelekei. Mjomba amevaa shati la mikono mirefu, mkono mmoja umo mfukoni, na miguuni pake yamepangwa maua mekundu ya plastiki. Picha hiyo ilifika mwaka 1996 ndani ya bahasha aliyokabidhiwa utingo wa lori. Bibi hakuwahi kuiona bahari maishani mwake. Aliitazama, akamshukuru Mola, kisha akawaarifu majirani kwamba mwanawe amekuwa mtu wa melini.

Mjomba hakuwa mtu wa melini. Alikuwa akibeba mizigo Mombasa, na meli ile ilikuwa rangi iliyopakwa juu ya kitambaa.

Nimeikumbuka picha hiyo mwaka huu kwa sababu ya ajenda ya nne ya kikao cha kamati yetu, tulichokaa baada ya Swala ya Isha. Madrasa ilikuwa ikijiandaa kwa mahafali ya wanafunzi kumi na wanne waliohifadhi Juzuu Amma. Kijana mmoja miongoni mwetu, ambaye riziki yake ni kupamba kumbi za harusi kuanzia Mlowo na Vwawa hadi Tunduma, alijitolea kulipamba darasa bila malipo. Alituonesha katika simu yake alichokusudia: mapazia meupe, taa ndogo ndogo, na katikati bango lililochapishwa picha ya Al-Kaaba, upana wake mita nne, ili kila mtoto akae mbele yake na kupigwa picha pamoja na wazazi wake.

Mzee mmoja wa kamati aliitazama ile simu kwa muda mrefu. Akauliza kwa upole, "Mwanangu, watoto hawa wamekwenda Makka lini?"

Laiti mazungumzo yangeishia hapo. Mjumbe mwingine alidakia kwamba kazi yote ya mapazia ni israfu na ulaghai, na kwamba fedha yake haina baraka. Kijana hakujibu. Nami, kwa kuwa ni katibu, niliandika kama ilivyosemwa, pamoja na neno hilo "ulaghai", kisha nikaandika kwamba suala limeahirishwa. Kwa siku tatu zilizofuata hatukumwona kijana yule katika safu ya Alfajiri, yeye ambaye ndiye aliyezoea kutufungulia mlango wa msikiti.

Siku ya nne nilimfuata Mlowo, ambako alikuwa akiandaa ukumbi wa harusi. Nilikwenda kumsihi arudi, nikajikuta nimekaa hadi adhuhuri nikimwangalia anavyofanya kazi, kazi ambayo nilikuwa nimeiandikia hukumu bila kuijua.

Nilidhani mpambaji huanza kwa kutundika. Huyu alianza kwa kukaa. Alikiweka kiti mahali palipopangwa kuwa jukwaa la bibi harusi, akakikalia, akautazama ukumbi kama atakavyoutazama mwenyewe bibi harusi. Kisha akaenda kusimama mlangoni, mahali atakapoingilia mgeni. Aliporudi aliniambia, "Ustadh, jukwaa hili limewekwa upande usiofaa. Dirisha liko nyuma ya kiti, uso wake utakuwa giza." Wakalihamishia ukuta wa pili, wenye ufa na alama za unyevu, kwa maana ufa hufichika, lakini giza usoni halifichiki.

Kitambaa alichoagiza hakikuwa cheupe kabisa, bali cha rangi ya maziwa. Alinieleza kwamba weupe mkali huidanganya kamera ya simu: kamera huona mwanga mwingi, ikaupunguza, na uso wa mtu ukatoka mweusi kuliko ulivyo. Kwa ukuta wa mita nne hununua mita nane za kitambaa, kwani kisipokunjamana hakina uhai, huonekana kama shuka lililoanikwa. Kiti hukisogeza mbele ya pazia kadiri ya hatua moja na nusu, ili kivuli cha mtu kianguke sakafuni kisigande kwenye kitambaa. Maua ya plastiki huyaosha kwa sabuni baada ya kila shughuli, maana vumbi la barabara kuu, pamoja na malori yote yaendayo mpakani, halichagui harusi. Ilipokaribia saa ya wanawake kuwasili, alikusanya nyundo na waya zake akatoka. Mkewe ndiye aliyebaki ndani kumalizia, kwa sababu ukumbi ule si wake tena.

Hii ndiyo sanaa ambayo katika filamu na televisheni ina watu waliosomea na majina yao huandikwa mwishoni mwa mchezo. Kwetu watendaji wake huitwa wapambaji tu, na wengi wamejifunza kwa kutazama. Si sanaa ngeni kwetu, hata hivyo. Zanzibar, tangu Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mwaka 1930, vizazi vya familia vimekwenda kupigwa picha humo. Huko Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 na pazia lake la kwanza lilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe, lenye nyuzi za pindo. Alilibadilisha kila baada ya miaka michache, hata ikawa uzeeni mwake aliweza kuukisia mwaka wa picha kwa kuangalia pazia lililo nyuma ya mtu.

Lakini walionigusa mimi, kwa sababu ya mjomba, ni wapiga picha wa Likoni. Atokaye Tanga kwa njia ya Horohoro hufikia Likoni kabla ya kuvuka kwa feri kuingia kisiwa cha Mombasa. Katika miaka ya 1990 wapiga picha wa mitaani walijenga hapo kivukoni vibanda vyao vya muda, wakavifanya studio. Mtafiti wa Kijerumani, Heike Behrend, aliwafanyia utafiti na kuandika juu yao. Wengi wao walikuwa watu wa bara waliokwenda pwani kutafuta maisha, na wateja wao vivyo hivyo. Mapazia yao yalichorwa kwa mkono: meli, ndege, majumba marefu, na feri yenyewe iliyokuwa ikipita hatua chache kutoka hapo. Wakaongeza vitambaa vya kung'aa, mashada na maua ya plastiki. Kibarua aliyelala chumba kimoja na wenzake sita aliingia kibandani akitoka jasho, akapiga picha, akatoka akiwa na ushahidi kwamba amefika mahali.

Je, huo ni ulaghai? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni kwamba pale kibandani haukuwa ulaghai hata kidogo. Mjomba aliijua ile rangi, mpiga picha aliijua, na mpita njia aliziona kingo za kitambaa zikipepea kwa upepo wa bahari. Palikuwa na makubaliano ya wazi, kama ya mtoto anayepanda fimbo akaiita farasi. Tatizo lilianza picha ilipotiwa katika bahasha. Kingo zimekatwa, mpita njia hayumo, na anayeipokea ni mama aliye Nanyala ambaye hana namna ya kujua.

Agosti 1997 Likoni ililipuka kwa ghasia zilizowalenga watu wa bara, wakauawa wengi na maelfu wakakimbia. Mjomba alirudi mwishoni mwa mwaka huo, akishuka basini na mfuko mmoja. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini namkumbuka akiwa amesimama chini ya ile picha. Bibi alimuuliza meli yake iko wapi. Akasema, "Imeondoka, mama." Hakuna aliyemdhihaki, ila tangu siku hiyo alikuwa akiingia nyumbani kwa mlango wa uani.

Nilirudi kwenye vitabu nilivyosomea chuoni, kwani nilijua kuwa jambo la mapazia lina asili katika nyumba ya Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Bibi Aisha (r.a.) alitundika kitambaa mlangoni wakati Mtume yuko safarini. Aliporejea na kukiona, alichukizwa, akakivuta mpaka kikachanika, akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuyavisha nguo mawe na udongo. Wengi wetu hukomea hapo tunapomsomea mpambaji. Lakini hadithi ina mwisho wake: Bibi Aisha alikikata kitambaa kile, akakifanya mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, na Mtume hakumlaumu kwa hilo. Imam Nawawi, ambaye sisi wa madhehebu ya Shafi tunamrejea, anasema katika sherehe yake kwamba katazo la kuvisha kuta hapa ni la karaha, si la kuharamisha, ingawa wapo katika madhehebu hiyo hiyo walioona kuwa ni haramu. Basi mjumbe wetu hakuwa bila msingi, wala kijana hakuwa mtenda haramu. Mimi binafsi nilichokiona katika hadithi ile ni kitambaa kutoka ukutani, ambako hakikuwa na kazi, kwenda mahali mtu anapoegemea.

Tena, mababu zetu wa pwani hawakuziacha kuta zao tupu. Nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18 zina zidaka katika chumba cha ndani: vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, vilivyowekwa vyombo vya kaure na vitabu. Chumba kile ni chembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita tatu hivi, na zidaka hukifanya kionekane kina kina zaidi ya kilicho nacho. Huo nao ni ujanja wa macho, lakini ni ujanja unaobeba vyombo.

Jambo moja lilinifanya nisilipuuze swali la yule mzee kuhusu Makka. Watoto wetu huitazama filamu ya Ar-Risala ya Moustapha Akkad kila sikukuu. Mwaka 1976 ilipotoka, ilikuwa imeshajengewa mji mzima wa Makka pamoja na Al-Kaaba yake katika ardhi ya Morocco, kabla upigaji wake haujazuiwa huko na kumaliziwa Libya. Mafundi wake walifanya kazi kubwa, na kwa adabu kubwa pia, kwani Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki, kamera ndiyo husimama mahali pake. Hata hivyo nilipomuuliza mpwa wangu wa miaka tisa, aliniapia kwamba ile ndiyo Makka yenyewe, na kwamba mwalimu wake ameshafika hapo.

Katika kikao cha pili niliomba ruhusa kabla muhtasari haujathibitishwa. Nilieleza niliyoyaona Mlowo, nikasimulia habari ya meli, nikaomba neno "ulaghai" liondolewe katika kumbukumbu, kwa kuwa lilisemwa bila ushahidi juu ya riziki ya Muislamu aliyekuwepo na hakupewa nafasi ya kujibu. Mjumbe aliyelisema alikaa kimya, kisha akasema, "Futa, Katibu." Bango la Al-Kaaba halikupita, na kijana mwenyewe ndiye aliyeliondoa. Alisema hakuwa amewafikiria watakaopelekewa picha.

Alitengeneza kitu kingine. Kwa plaiwudi na jipsamu alijenga ukuta mfupi wenye vishubaka kumi na vinne, kila kimoja na upinde wake juu, akaupaka chokaa. Nilikuwa nimemwonesha picha ya zidaka za Lamu katika kitabu, ila vipimo ni vyake: alivipanga ili mtoto akikaa, kishubaka chake kiwe juu ya bega lake la kulia, kisikatwe na kichwa. Kila mwanafunzi aliambiwa alete kitu alichosomea. Ililetwa misahafu iliyochakaa, madaftari, juzuu zilizoshonwa kwa uzi, na mtoto mmoja, ambaye kwao umeme haujafika, alileta koroboi. Mama yake alimtaka airudishe mfukoni, anaona haya. Kijana aliichukua, akaipangusa masizi kwa leso yake, akaiweka katika kishubaka cha mtoto.

Wakati wa picha alimwambia mpiga picha arudi nyuma hatua mbili zaidi. Mpiga picha alilalamika kwamba hivyo mwisho wa ukuta wa plaiwudi utaonekana, na matofali ya darasa, na ubao wenye hesabu za jana. Alimjibu kwamba anajua.

Ukuta ule haukubomolewa baada ya mahafali. Madrasa haikuwa na rafu, hivyo umefungwa ukutani kwa misumari ya skrubu na ndimo misahafu inamokaa sasa. Yule mzee wa swali la Makka huweka miwani yake katika kishubaka cha chini, cha pili kutoka mlangoni, kila anapokwenda kutawadha.